Mtambo Mmoja Wenye Kazi Mbili: Sayansi ya Mashine ya Michezo ya Mkononi na ya Nyumbani

Katika eneo la Mwanjelwa, jijini Mbeya, barabara kuu iendayo Zambia hupita katikati ya maduka. Kando ya barabara hiyo mafundi wa simu huketi nyuma ya meza zao ndogo, wakiwa na vyuma vya kulehemu, bisibisi nyembamba na mita za kupimia umeme. Barabarani nako hupita malori yatokayo mpakani Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na miongoni mwa mizigo yake imo shaba ya Zambia na ya Kongo, pamoja na kobalti. Meza ya fundi na mzigo wa lori ni mambo yanayoonekana kuwa mbalimbali, lakini hukutana ndani ya karibu kila chombo cha elektroniki kinachoendeshwa kwa betri.

Makala hii inachambua chombo kimoja cha aina hiyo, yaani mashine ya michezo ya video iitwayo Nintendo Switch. Mashine hiyo hushikwa mkononi kama simu kubwa, na pia huweza kuunganishwa na televisheni ya sebuleni. Imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake zimo mada nyingi za fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule za sekondari. Pili, wahandisi wake walikabiliwa na tatizo linaloeleweka kwa urahisi lakini lisilotatulika kwa urahisi: chombo kinachofanya kazi kubwa huhitaji nishati nyingi na hutoa joto jingi, hali chombo cha mkononi hakina nishati nyingi wala nafasi ya kutolea joto hilo.

ASILI YA WAZO

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mjini Kyoto, Japani, mwaka 1889, nayo ilianza kwa kutengeneza karata. Mwaka 1980 ilitoa michezo midogo ya mkononi iliyoitwa Game & Watch, ambayo ilitumia kiwambo cha fuwele kimiminika kama kile cha kikokotoo. Mbunifu wake, Gunpei Yokoi, alishikilia kanuni iliyopata umaarufu baadaye: kwamba teknolojia iliyokomaa na kushuka bei, ikitumiwa kwa njia mpya, huweza kufaa kuliko teknolojia mpya iliyo ghali. Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa Game Boy mwaka 1989, mashine iliyotumia betri nne ndogo za kawaida.

Kwa muda mrefu mashine za mkononi na zile za nyumbani zilikwenda njia mbili tofauti. Yalikuwako majaribio ya kuziunganisha. Mwaka 1995 kampuni ya Sega ilitoa Nomad, mashine ya mkononi iliyoweza pia kuunganishwa na televisheni. Lakini betri zake sita ziliisha baada ya saa chache tu. Mwaka 2012 Nintendo yenyewe ilitoa Wii U, iliyokuwa na kishikio chenye kiwambo, ila kishikio hicho hakikuweza kwenda mbali na mtambo mkuu, kwa kuwa hesabu zote zilifanyika ndani ya mtambo huo.

Switch iliingia sokoni tarehe 3 Machi 2017. Hapa mpangilio uligeuzwa: mtambo wote umo katika kile kinachoshikwa mkononi, na kinachobaki nyumbani ni kitako tu. Tangu wakati huo zimeuzwa mashine zaidi ya milioni 150 duniani.

SEHEMU ZA MTAMBO

Mwili wa mashine una urefu wa milimita 239 pamoja na vishikio vyake, na unene wa milimita 13.9. Uzito wake ni gramu 297 bila vishikio, na takriban gramu 398 pamoja navyo. Kiwambo cha toleo la kwanza kina upana wa inchi 6.2, ukipimwa kutoka pembe hadi pembe, nacho huhisi mguso wa vidole hadi kumi kwa wakati mmoja. Ndani mna chipu iliyotengenezwa na kampuni ya Nvidia kutoka katika jamii ya Tegra X1, kumbukumbu ya kazi ya jigabaiti 4, hifadhi ya jigabaiti 32, betri ya lithiamu, feni ndogo, na bomba jembamba la shaba la kusafirishia joto.

Vishikio viwili, vinavyoitwa Joy-Con, huteleza katika reli za kushoto na kulia. Vikiwa relini, huwasiliana na mtambo kwa njia ya vituo vya chuma na hupata chaji kutoka humo. Vikichomolewa, huwasiliana kwa mawimbi ya redio, na kila kimoja hutumia betri yake ndogo yenye uwezo wa kudumu takriban saa 20. Hivyo watu wawili huweza kugawana vishikio, kuusimamisha mtambo juu ya meza kwa mguu wake wa nyuma, na kucheza pamoja. Aidha, mitambo hadi minane huweza kuungana kwa mawimbi ya karibu bila kuhitaji intaneti.

Michezo huuzwa katika kadi ndogo kuliko stempu ya barua. Kwa kuwa mtoto mdogo huweza kuimeza kadi ya ukubwa huo, kadi hizo hupakwa denatonia benzoati, kemikali inayohesabiwa kuwa miongoni mwa vitu vichungu kupita vyote vinavyojulikana. Mtoto akiitia kadi mdomoni huitema mara moja. Miongoni mwa michezo iliyotolewa kwa mashine hii mwaka 2020 umo mkusanyo wa michezo 51 ya jadi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na mmojawapo ni mchezo wa mashimo na kete ulio wa ukoo mmoja na bao letu.

HESABU YA BETRI

Betri ya Switch ina uwezo wa mili-ampea-saa 4,310 kwa volti 3.7. Nishati yake hupatikana kwa kuzidisha: ampea-saa 4.31 mara volti 3.7 ni takriban wati-saa 16. Kwa kipimo cha juli, hiyo ni 16 mara 3,600, yaani juli 57,600.

Kiasi hicho ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Ili kupandisha jotoridi la lita moja ya maji kwa digrii moja, huhitajika juli 4,200. Kwa hiyo betri nzima, hata kama nishati yake yote ingegeuzwa kuwa joto bila kupotea, ingepasha lita moja ya maji kwa digrii zisizofika 14. Maji ya bomba ya asubuhi ya mwezi Juni jijini Mbeya yangebaki kuwa vuguvugu tu, chai isingepatikana.

Kwa akiba hiyo ndogo, mchezo mzito wa toleo la kwanza ulidumu takriban saa tatu. Mwanafunzi anaweza kukokotoa wastani wa nguvu iliyotumika: 16 gawa kwa 3 ni wati 5.3. Mwaka 2019 kampuni ilitoa toleo lililorekebishwa, lenye betri ile ile, lakini mchezo ule ule ukadumu takriban saa tano na nusu. Yaani matumizi yalishuka hadi wati 2.9. Siri ya badiliko hilo ilikuwa katika chipu, kwa kuwa chipu mpya ilitengenezwa kwa mbinu ya nanomita 16 mahali pa ile ya nanomita 20. Transista za mbinu hiyo mpya huvujisha umeme mchache na hufanya kazi kwa volti ndogo zaidi. Hapa mwanafunzi anaona jambo muhimu: kuongeza muda wa betri si lazima kuongeza betri, huweza kuwa kupunguza upotevu.

PICHA HUBADILIKA, MCHEZO HAUBADILIKI

Mashine inaposhikwa mkononi, kiwambo chake huonyesha nukta 1,280 kwa upana na 720 kwa kimo. Nukta hizo, ziitwazo pikseli, ni 921,600 kwa jumla. Inapowekwa katika kitako, picha hupelekwa kwenye televisheni ikiwa na pikseli hadi 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Uwiano wa hesabu hizo mbili ni 2.25. Kazi ya kuchora picha ya televisheni ni zaidi ya mara mbili ya kazi ya kuchora picha ya mkononi.

Kazi hiyo ya ziada hufanywaje na chipu ile ile? Jibu ni masafa. Sehemu ya chipu inayochora picha hupiga mapigo milioni 768 kwa sekunde mashine iwapo katika kitako. Inapokuwa mkononi, katika hali yake ya kawaida, hupunguza mapigo hadi milioni 307.2, ingawa baadhi ya michezo huruhusiwa kupanda zaidi ya hapo. Uwiano wa 768 na 307.2 ni 2.5, karibu sawa na uwiano wa pikseli. Mbio ziliongezwa kwa kadiri ya kazi iliyoongezeka.

Lakini sehemu nyingine ya chipu, ile inayoshughulikia kanuni za mchezo, hupiga mapigo milioni 1,020 kwa sekunde katika hali zote mbili. Haya si mapuuza ya wabunifu. Kama sehemu hiyo ingepunguzwa, maadui wangekuwa wachache au mpira ungeruka kwa namna nyingine kila mara mchezaji anapoondoka sebuleni. Uamuzi ulikuwa huu: picha ibadilike, mchezo usibadilike.

Faida ya kupunguza masafa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa kwa mara ya kwanza. Nguvu inayotumiwa na transista za chipu hulingana na masafa, na pia hulingana na kipeo cha pili cha volti. Masafa yakipungua, volti nayo huweza kupunguzwa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, masafa yamepunguzwa kwa nusu na volti imeshuka kutoka 1.0 hadi 0.8. Nguvu mpya ni 0.5 mara 0.64, yaani 0.32 ya nguvu ya awali. Kazi imepungua kwa nusu, lakini matumizi yamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Mtu huweza kuuliza iwapo mchezaji wa mkononi anapunjwa kwa kupewa pikseli chache. Kiwambo cha inchi 6.2 ni sentimita 15.7 kutoka pembe hadi pembe, na katika mstari huo pikseli ni takriban 93 kwa kila sentimita. Televisheni ya inchi 32, hata ikipokea picha kamili ya pikseli milioni mbili, hupata pikseli 27 tu kwa kila sentimita. Jicho huona picha ya mkononi kuwa kali kwa sababu nukta zake zimebanana.

JOTO NA HEWA YA NYANDA ZA JUU

Nishati yote inayoingia katika chipu hatimaye hugeuka kuwa joto. Joto hilo huchukuliwa na bomba la shaba, ambalo ndani yake mna kimiminika kidogo. Kimiminika huvukiza kwenye upande ulio moto, mvuke husafiri hadi upande wa baridi, hutonesha na kurudi. Feni hupuliza hewa kupitia mapezi ya chuma na kulitoa joto nje.

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko hewa ya pwani. Kwa kila mzunguko, feni husukuma hewa yenye tungamo dogo, na hivyo huondoa joto kidogo zaidi. Hata hivyo, hewa ya Mbeya ni baridi kuliko ya Dar es Salaam, na tofauti kubwa ya jotoridi baina ya chuma na hewa huharakisha upoaji. Mambo hayo mawili hushindana, na katika miezi ya baridi baridi ndiyo hushinda.

Baridi nayo ina hasara yake. Mtengenezaji hushauri mashine itumiwe kati ya digrii 5 na 35 za Selsiasi. Betri ya lithiamu ikipoa sana, ukinzani wake wa ndani huongezeka, na huonekana kana kwamba imeisha kabla ya wakati wake.

UMEME WA SOKETI

Kifaa cha chaji cha Switch hupokea volti 100 hadi 240 za mkondo geu, na hutoa volti 15 kwa ampea 2.6 mashine iwapo katika kitako. Nguvu hiyo ya juu kabisa ni wati 39, nayo hugawanywa baina ya mtambo, kitako na chaji ya betri. Kabla volti 15 hazijatolewa, chipu ndogo za pande mbili huzungumza kwanza. Zisipoelewana, volti hubaki 5. Hii ndiyo sababu kifaa cha chaji cha simu ya kawaida huenda kikaichaji mashine polepole lakini kisiweze kuiendesha televisheni.

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, ulio karibu sana na mwisho wa juu wa kipimo hicho. Umeme unaporudi ghafla baada ya kukatika, volti huweza kuruka juu kwa muda mfupi. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2023, jambo hilo lilijulikana vyema katika kaya nyingi. Ni busara kuchomoa kifaa chochote cha elektroniki umeme unapokatika, na kukirudisha baada ya dakika chache umeme ukishatulia. Kwa upande mwingine, mashine yenye betri ndani yake haipotezi mchezo soketi inapokufa: mchezaji huitoa katika kitako na kuendelea kwenye kiwambo chake.

UDHAIFU WA KIJITI

Kasoro iliyolalamikiwa zaidi katika mashine hii haikuwa katika chipu, bali katika kijiti kidogo cha kuongozea kwa kidole gumba. Chini ya kijiti hicho mna ukanda wa kaboni wenye ukinzani, na juu yake huteleza kidole cha chuma. Umeme hupita katika ukanda, na volti inayosomwa na kidole hutegemea mahali kilipo. Kijiti kikiwa katikati, volti inayosomwa huwa karibu nusu, na mtambo huelewa kwamba mchezaji hajasukuma upande wowote.

Baada ya maelfu ya misuguano, ukanda hulika na vumbi la kaboni hukusanyika. Volti ya katikati haiwi tena ya katikati. Mtambo hudhani kijiti kimesukumwa, na mtu aliye mchezoni huanza kutembea peke yake. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja.

Iko mbinu nyingine isiyo na msuguano, inayotumia sumaku na kihisi cha Hall. Hata hivyo, Switch 2 iliyotolewa tarehe 5 Juni 2025, yenye kiwambo cha inchi 7.9, kumbukumbu ya jigabaiti 12 na vishikio vinavyoshikamana na mtambo kwa sumaku, haikutumia mbinu ya Hall katika vijiti vyake.

KUTOKA BARABARANI HADI KWENYE BETRI

Ncha chanya ya betri za vyombo vidogo vya mkononi kwa kawaida hutengenezwa kwa oksidi ya lithiamu na kobalti. Tungamo la atomi ya lithiamu ni takriban 7, la kobalti 59, na la oksijeni mbili 32. Jumla ni 98. Hivyo kobalti ni asilimia 60 ya oksidi hiyo. Gramu moja ya oksidi hutunza takriban mili-ampea-saa 150. Betri ya mili-ampea-saa 4,310 iliyotengenezwa kwa oksidi hiyo tupu ingehitaji gramu 29 za oksidi, ambamo gramu 17 ni kobalti. Kilo moja ya kobalti ingetosha betri zisizofika 60.

Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Karibu zaidi na Mbeya, kilima cha Ngualla mkoani Songwe kina akiba ya madini ya nadra, yakiwamo neodimiamu, ambayo hutumika katika sumaku kali za spika na za mota ndogo za mtikisiko. Madini hayo hupita au hulala jirani na shule nyingi za Nyanda za Juu Kusini, na hurudi yakiwa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Thamani kubwa huongezwa katikati ya safari hizo mbili, na kinachoiongeza ni maarifa.

Maarifa hayo hayako mbali kabisa. Betri ya lithiamu, kioo cha mguso, feni na tundu la chaji ni vitu ambavyo mafundi wa Mwanjelwa hukutana navyo, au na jamaa zake, katika simu na kompyuta. Kwa wanaotaka kwenda mbele zaidi, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi. Onyo moja ni la lazima: betri ya lithiamu isitobolewe, isikunjwe wala isitupwe motoni, na iliyovimba isichajiwe tena. Kazi ya kuibadilisha ni ya fundi mzoefu.

JARIBIO LA DARASANI

Udhaifu wa kijiti unaweza kuchunguzwa bila kufungua mashine yoyote. Vifaa ni karatasi, penseli laini ya aina ya 6B, betri ya volti 9, nyaya na mita ya umeme ya tarakimu.

Mwanafunzi achore mstatili wa sentimita 10 kwa 1, aujaze wote kwa penseli hadi ung'ae, kisha aunganishe ncha za betri na ncha mbili za mstatili. Waya mmoja wa mita uwekwe kwenye ncha hasi, na wa pili uguswe kwenye sentimita ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Masomo yaandikwe katika jedwali na grafu ichorwe. Iwapo mstatili umejazwa sawasawa, grafu itakaribia mstari mnyoofu, na sentimita ya 5 itasoma karibu volti 4.5.

Kisha sehemu iliyo kati ya sentimita ya 2 na ya 4 ifutwe kidogo kwa kifutio, bila kuikata kabisa, na vipimo virudiwe. Ukinzani wa sehemu hiyo utakuwa umeongezeka, na volti ya sentimita ya 5 itakuwa imepanda ingawa waya umeguswa mahali pale pale. Mwalimu awaulize wanafunzi waeleze sababu kwa kutumia kanuni ya Ohm, kisha wapendekeze namna ambayo mtambo ungeweza kugundua kosa hilo na kujirekebisha.